Ni Kweli, Mheshimiwa

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliitumia nikiwa karani wa mahakama, kwanza katika korti za katikati ya jiji, halafu Kibera. Asubuhi nilisoma mashtaka. Mtu anasimama kizimbani, namsomea kosa analodaiwa kulifanya kwa lugha anayoielewa, kisha namweleza hakimu alivyojibu. Wengi walijibu kwa maneno mawili: ni kweli. Hakimu anaandika, na safari ya mtu huyo imekwisha kabla shahidi hata mmoja hajaitwa.

Nayasema haya mapema kwa sababu historia ya maungamo Nairobi husimuliwa nusu. Tunasimulia kituo cha polisi, kipigo, karatasi iliyotiwa kidole gumba, na sheria iliyokuja kukataa karatasi hiyo. Yote ni kweli na nitayaeleza. Lakini kwa zaidi ya miaka 100 sheria ya ushahidi imelinda mlango wa kituo cha polisi, ilhali mlango wa kizimba umebaki wazi, na katika miaka mibaya kuliko yote jijini humu watu walipitishwa kwenye mlango huo wa pili.

Upande wa magharibi ninakoishi, Riruta, Dagoretti, Waithaka hadi Kabete, kulikuwa na mahakama kabla ya Nairobi kuwepo. Wazee wa kiama, baraza la Wakikuyu, walikaa chini ya mti na kusikiliza madeni, wizi na damu. Palipokosekana shahidi, wazee hawakumfungia mtu ndani mpaka akubali. Walimwapisha anayekana. Aliapa kwa gĩthathi, jiwe lenye matundu, au kwa kũringa thenge, yaani kumpiga beberu hadi mifupa ivunjike huku akitamka kwamba naye avunjwe hivyo ikiwa anasema uongo. Kisha watu walisubiri misimu ya mvua ipite waone kama msiba utamfika yeye au jamaa zake. Hofu ilikuwepo, tena kubwa, na wapo waliokiri siku ya kuapa ilipokaribia. Ila mambo yote yalifanyika mchana, mbele ya ukoo mzima, na aliyetaka kukana alipewa nafasi ya kukana kwa sauti.

Waingereza walipokuja walileta sheria ya Wahindi. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, iliyoandikwa na James Fitzjames Stephen, iliingizwa Afrika Mashariki mwaka 1897, miaka 2 kabla ya reli kufika kwenye kinamasi kilichokuja kuwa jiji letu. Ndani yake mlikuwa na vifungu vikali ajabu kuhusu polisi. Mtu akimwungamia askari, maneno yake hayawezi kutumiwa dhidi yake. Akiungama akiwa mikononi mwa polisi, hayafai mpaka awepo hakimu. Ukali huo ulikuwa na sababu. Mwaka 1855 tume ya uchunguzi kule Madras ilikuwa imethibitisha kwamba mateso yalitumika kila siku kukusanya kodi na kupata maungamo. Stephen mwenyewe alisimulia baadaye kwamba afisa mmoja alimweleza chanzo chake kuwa uvivu: mtesaji hukaa kivulini, mpelelezi hutembea juani.

Sheria hiyohiyo iliacha tundu. Mshukiwa akisema kisu amekizika nyuma ya choo, na kisu kikapatikana nyuma ya choo, basi ile sehemu ya maneno yake iliyowafikisha kwenye kisu inaruhusiwa. Katika miaka ya 1940 Baraza la Mfalme mjini London, ambalo rufaa za huku pia zilifika kwake, lililibana tundu hilo katika kesi ya kutoka India: yanayoruhusiwa ni maneno yaliyofichua kitu, wala si hadithi yote ya jinsi kitu hicho kilivyotumika. Mantiki yake naielewa. Kisu hakisemi uongo. Lakini askari anayejua kwamba kisu kitamponya na makosa yake yote ana sababu moja zaidi ya kumminya mtu hadi akitaje.

Halafu kikaja kipindi cha hali ya hatari. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil, na maelfu ya wanaume Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapakiwa kwenye malori. Wengi walipelekwa kambi ya Lang'ata kuchujwa. Walipitishwa mbele ya gakunia, mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, ambaye kwa kutikisa kichwa tu aliamua nani abaki na nani aende. Baada ya hapo kilichodaiwa ni kuungama: ulikula kiapo cha waasi wapi, mara ngapi, nani alikulisha. Maungamo hayo hayakuhitaji kupita mtihani wowote wa sheria ya ushahidi, kwa kuwa wengi wa walioyatoa hawakufikishwa kortini. Waliwekwa kizuizini bila kesi, na njia ya kutoka ilikuwa kuungama.

Waliofikishwa kortini walikabili kitanzi, na zaidi ya 1,000 walinyongwa. Mwaka huohuo wa 1954 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Njuguna wa Kimani na wenzake, ilitoa agizo ambalo mawakili wanalitaja hadi leo: ni wajibu wa kila jaji na hakimu kuchunguza kwa makini kabisa mazingira yaliyozaa maungamo, hasa mtu anapokuwa amekaa mikononi mwa polisi kwa muda mrefu. Nalithamini agizo hilo kwa sababu ya mwaka wake. Kuna majaji waliolitamka huku malori yangali yanazunguka.

Kenya ilijiandikia sheria yake ya ushahidi, Sura ya 80, iliyoanza kutumika tarehe 10 Desemba 1963, siku 2 kabla ya bendera kupandishwa. Mengi yalitoka India kama yalivyo, lakini katika jambo hili Kenya ililegeza. Maungamo mbele ya polisi yaliruhusiwa iwapo askari aliyesikiliza alikuwa na cheo cha inspekta au zaidi. Kifungu cha 26 kikabaki kuwa ngao: maungamo yaliyopatikana kwa kutishwa, kushawishiwa au kuahidiwa jambo na mwenye mamlaka hayakubaliki. Kwa hiyo msikilizaji aliyeaminiwa akawa inspekta. Nakumbusha kwamba katika mahakama za mahakimu siku hizo kiongozi wa mashtaka naye alikuwa polisi, mara nyingi inspekta vilevile, na hali hiyo haikubadilika mpaka baada ya Katiba ya 2010, ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ilipoweka mawakili wake.

Mshtakiwa akisema alilazimishwa, korti husimamisha kesi kubwa na kusikiliza kesi ndani ya kesi. Hapo swali ni moja tu: maneno haya yalitoka kwa hiari? Hatia yenyewe inawekwa kando. Katika kesi za mauaji Mahakama Kuu, wazee washauri waliokaa na jaji waliombwa watoke nje, wasije wakasikia maungamo ambayo pengine yangetupwa. Wazee hao waliondolewa mwaka 2007. Niliwahi kukaa katika vikao vya namna hiyo, na naweza kusema kwamba kilichovunja taarifa ya polisi mara nyingi kilikuwa kitu kidogo. Taarifa ina kurasa 5 za Kiingereza safi, na mwenye nayo hakumaliza darasa la tatu. Imeandikwa ilianza saa nne kamili asubuhi na kumalizika saa nne na dakika kumi. Au OB, kitabu cha matukio cha kituo, kinaonyesha mshukiwa alitolewa seli usiku wa manane na kurudishwa alfajiri, wala hakuna aliyeandika alikopelekwa. Wakili mzuri hakuwa na haja ya kupaza sauti. Aliomba OB iletwe.

Wengine hawakusema walipigwa. Walisema hawakutamka kabisa maneno hayo. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake hapahapa Nairobi, iliyaweka makundi hayo mawili pamoja mwaka 1967 katika kesi ya Tuwamoi kutoka Uganda. Maungamo yaliyokanwa yapokelewe kwa tahadhari. Kwa kawaida mahakama itafute ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono. Lakini jaji akiridhika kwamba kwa vyovyote ni ya kweli, anaweza kumtia mtu hatiani kwa hayo peke yake. Sehemu hiyo ya mwisho hainipi amani. Watu wamehukumiwa kifo kwa kuridhika kwa jaji mmoja, na kosa la wizi wa mabavu adhabu yake kisheria ilikuwa kifo.

Anayepanda matatu ya 46 kutoka Kawangware kuingia mjini hushuka Posta, na jengo refu la manjano lililo mbele yake ni Nyayo House. Vijana wanalijua kwa foleni ya pasipoti. Lilikamilika miaka ya mwanzo ya 1980, na chini yake, karibu na maegesho ya magari, zilikuwepo seli za giza zisizo na madirisha. Kuanzia mwaka 1986, serikali ilipolisaka kundi la siri la Mwakenya, wahadhiri, wanafunzi, wakulima, waandishi na wafanyabiashara walishikwa na kuingizwa humo wakiwa wamefungwa vitambaa machoni. Walivuliwa nguo, wakanyimwa chakula, na seli zikajazwa maji waliyosimama ndani yake kwa siku nyingi hadi nyayo zikaoza. Lifti iliwapandisha hadi ghorofa za juu kuhojiwa na maafisa wa Special Branch, idara ya ujasusi ya polisi, kisha ikawashusha tena majini.

Kutoka hapo hadi korti za City Hall Way ni mwendo wa dakika chache. Hapo ndipo sheria ilipotushinda. Makumi ya watu walisimamishwa mbele ya hakimu kati ya 1986 na 1987, wengi bila wakili, na mara nyingi jioni wakati wananchi na mawakili wameshaenda nyumbani. Makosa yalikuwa kama kumiliki karatasi ya uchochezi, au kujua kuhusu Mwakenya na kutopiga ripoti. Shtaka likasomwa. Ni kweli, mheshimiwa. Miaka 4, miaka 5, na kuendelea. Bernard Chunga, aliyeongoza mashtaka katika nyingi za kesi hizo, baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya, na alijiuzulu Februari 2003, mwezi uleule waziri Kiraitu Murungi alipofungua seli za Nyayo House ili umma uzione.

Tazama jambo hilo lilivyofanyika kisheria. Hakuna taarifa ya polisi iliyoletwa kortini. Kwa hiyo hakuna kifungu cha 26, hakuna kesi ndani ya kesi, hakuna OB ya kuitishwa, hakuna Njuguna wala Tuwamoi. Mtu anapokiri kizimbani, ushahidi hauhitajiki tena, na ulinzi wote ambao sheria ya ushahidi imeujenga unakaa rafuni bila kuguswa. Zaidi ya hayo, kifungu cha 348 cha sheria ya mwenendo wa jinai hakimruhusu aliyekiri mbele ya hakimu kukata rufaa dhidi ya hatia yake. Anaweza kulalamikia adhabu tu. Waliokataa kukiri walingojewa na amri ya kuwekwa kizuizini. Wanyiri Kihoro alikaa Nyayo House siku 74, kisha akazuiliwa bila kesi. Wakili wake, Gibson Kamau Kuria, alipotoa notisi Februari 1987 kwamba angeishtaki serikali kwa mateso ya wateja wake, naye akakamatwa na kuzuiliwa. Mfanyabiashara wa Nakuru, Peter Njenga Karanja, alikufa mwezi huohuo baada ya kushikiliwa Nyayo House.

Hakimu angeweza kuuliza. Hili ndilo linaloniuma kama mtu wa korti. Katiba ya wakati huo ilitaka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kwa makosa yasiyo ya kunyongwa, na karatasi ya mashtaka ina nafasi ya tarehe ya kukamatwa. Mtu amekonda, miguu imevimba, na tarehe zinaonyesha wiki zimepita. Swali moja, ulikuwa wapi, lingetosha kusimamisha kalamu. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za Harun Thungu Wakaba na wenzake 20 zilikiukwa, na ikaagiza walipwe fidia. Wakati huo baadhi ya walioteswa walikuwa wameshafariki.

Mwaka 1999 mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mateso, Nigel Rodley, alizuru Kenya na kupendekeza maungamo yaliyotolewa kituoni yasipokewe pasipo jaji au wakili. Bunge la kwanza la serikali ya muungano wa NARC likafuata mkondo huo. Sheria iliyoanza kutumika Julai 2003 iliingiza kifungu cha 25A: maungamo ni yale tu yaliyotolewa mahakamani. Polisi walilalamika kwamba wamefungwa mikono, na mwaka 2007 kifungu kikarekebishwa ili afisa wa ngazi ya juu naye aweze kusikiliza, mradi asiwe mpelelezi wa kesi hiyo, na mshukiwa awe na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Kanuni za 2009 zikaeleza namna. Mshukiwa achague lugha. Apewe mkalimani bila malipo. Asinyimwe chakula, maji wala usingizi. Aonywe kwamba halazimiki kusema lolote, na mwishoni asomewe maneno yake na kuruhusiwa kuyasahihisha.

Huyo mtu wa tatu ndiye ninayemthamini kuliko yote yaliyomo katika kanuni hizo. Anaweza kuwa mama yake, shangazi, mchungaji, au jirani wa ploti moja. Hajui sheria, lakini anaijua sura ya mtu wake, na akimwona anachechemea atauliza kwa nini.

Kanuni hizo zilipata mtihani mkubwa katika Mahakama Kuu, Milimani. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa wakitoka kortini Mavoko, wakauawa. Miongoni mwa walioshtakiwa walikuwa maafisa wa polisi na mtoa habari wao. Mtoa habari huyo alikuwa ameandikisha maungamo marefu. Kesi ilipofika akayakana. Ikasikilizwa kesi ndani ya kesi, na Jaji Jessie Lesiit akayapokea. Katika hukumu ya Julai 2022 yalisomwa pamoja na kumbukumbu za simu na ushahidi mwingine, na Februari 2023 yeye akafungwa miaka 20, huku afisa mmoja akihukumiwa kifo. Nilifuatilia kesi ile kwa moyo mzito, maana Kimani aliuawa kwa kumtetea raia aliyemlalamikia polisi. Hata hivyo nilifurahi kuona yaliyokanwa yakipekuliwa neno kwa neno, na mtu aliyeogopwa na wengi akipewa ulinzi uleule wa kanuni.

Kibera ni habari nyingine. Jumatatu Mariamu, gari la kubebea mahabusu, inashusha watu wa msako wa wikendi kutoka Muthangari, Kabete na Kilimani: waliokutwa na chang'aa, waliolewa barabarani, wachuuzi wasio na leseni, vijana waliokuwa wamesimama tu nje ya ploti Kawangware usiku. Hakuna aliyewachapa ili wakiri. Wamepiga hesabu. Wakikana watatakiwa dhamana wasiyo nayo, na asiye nayo hupelekwa rumande Industrial Area kungojea tarehe. Wakikubali ni faini, jamaa wanachanga, jioni wamerudi kwa watoto. Anayepoteza siku moja ya kibarua anajua bei yake. Kwa hiyo ni kweli, mheshimiwa, mmoja baada ya mwingine. Miezi michache baadaye mmoja wao anaomba kazi ya ulinzi, anatakiwa alete cheti cha tabia njema cha polisi, na rekodi inatokea.

Sheria ya mlango huu ipo, na ni nzuri. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan, ilipanga hatua zake. Shtaka lisomwe kwa lugha ya mshtakiwa pamoja na kila kipengele cha kosa. Jibu liandikwe kama alivyolitamka. Kiongozi wa mashtaka aeleze yaliyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza. Akisema jambo lolote linalotia shaka, kukiri kwake kufutwe na iandikwe kwamba amekana. Nimewaona wengi wakikiri, kisha maelezo yakisomwa wanasema: lakini ile chupa haikuwa yangu. Neno lakini ndilo Adan inalolisubiri. Palipo na majina 40 kwenye orodha na hakimu mmoja, hupita bila kuandikwa.

Tangu korona ya 2020, korti zilipofungwa na mashtaka kuanza kusomwa kupitia kamera, jambo hili limepata uzito mpya. Mtu anaweza kukiri akiwa bado ndani ya kuta za walinzi wake, uso wake ukionekana kwenye skrini kuanzia kifuani kwenda juu. Kifungu cha 25A kinaamini mahakama kwa kuwa mahakama ni chumba ambacho polisi hana amri ndani yake. Kamera haimwonyeshi hakimu ni nani aliyesimama kando ya mlango, wala miguu ya anayejibu. Ibara ya 49 ya Katiba inasema aliyekamatwa hawezi kulazimishwa kuungama. Kulitekeleza hilo kwa skrini kunataka hakimu aanze kwa kuomba kamera izungushwe chumba kizima, na aandike kwenye jalada nani alikuwemo. Nimewaambia hivyo makarani vijana walioniuliza, nao wengine wamelipeleka kwa mahakimu wao.

Nilifanya kazi na hakimu mmoja Kibera ambaye hakukubali jibu la kwanza. Nikishasoma shtaka na mtu kujibu, alitua kalamu na kumuuliza: ulikamatwa siku gani, ulilala wapi, umekula nini tangu jana, kuna mtu wa kwenu humu ndani? Kisha ananiambia, msomee tena. Kiongozi wa mashtaka alinung'unika na orodha ikachelewa hadi saa ya chakula cha mchana. Karibu kila Jumatatu walikuwepo waliosomewa mara ya pili wakasema hapana, na nikawasomea tarehe za kurudi na mashahidi wao.